Makaburi ya kale Pwani yatoweka pamoja na ushahidi wake

KATIKA mwaka wa 802 wa Hijria, ambao kwa kalenda ya Miladi ulianza 1399, kaburi moja lilijengwa mjini Gede na tarehe hiyo ikaandikwa juu yake. Aliyeiandika hakuweza kukisia kwamba zaidi ya karne tano baadaye maneno yake machache yangekuwa ufunguo wa kuusoma mji mzima.

Mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman, aliyeanza kazi ya kuyasimamia na kuyachimbua magofu ya Gede mnamo 1948, alikuta misikiti, nyumba, visima na kuta zisizokuwa na tarehe yoyote. Kaburi hilo ndilo lililompa mahali pa kusimama. Vigae vya vyungu na vya kaure vilivyopatikana kwenye udongo wa kando yake viliweza kukadiriwa umri, na kutokana navyo ukakadiriwa umri wa majengo mengine. Hadi leo mahali hapo panaitwa Kaburi la Tarehe, na kila mgeni anayezuru Gede hupelekwa kulitazama.

Kaburi hilo lilibahatika. Magofu ya Gede yalianza kulindwa na serikali mnamo 1927, yana ua na walinzi, na Julai 2024 yaliingizwa kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO). Lakini kuanzia Ishakani karibu na mpaka wa Somalia hadi Vanga karibu na mpaka wa Tanzania, kuna makaburi ya mawe ambayo hayana ua, hayana mlinzi, na mengine hayana hata jina kwenye ramani. Yapo katikati ya mashamba ya minazi na mihogo, ndani ya vichaka, kandokando ya mikoko na nyuma ya nyumba za watu. Hayo ndiyo yanayoporomoka kimyakimya, mvua hadi mvua.

Ili kuelewa yanavyokufa, yafaa kwanza kuelewa yalivyojengwa. Wajenzi wa kale wa Waswahili walitumia mawe ya matumbawe ya aina mbili. Kuta na misingi ilijengwa kwa mawe magumu yaliyochimbwa ardhini. Sehemu zilizohitaji nakshi na maandishi zilichongwa kwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, wakati ambapo patasi hupenya kwa wepesi, kisha yakaachwa kukauka na kuwa magumu. Mawe yaliunganishwa na kupakwa chokaa, nayo chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya biwi la kuni, kuyachoma, kisha kuyazima kwa maji. Kwa hivyo jiwe na kiungo chake vilitoka katika asili moja, na hili ni jambo la kukumbuka tutakapofika kwenye saruji.

Makaburi yenyewe ni ya namna nyingi. Mengine ni kuta fupi za mstatili zilizogawanywa kwa vibao vya nakshi, pembe zake zikiwa zimeinuliwa kama ngazi. Yanayojulikana zaidi ni yale yenye nguzo, ambayo yanapatikana katika pwani ya Afrika Mashariki. Nguzo hizo zaweza kuwa za mviringo, za mraba, za pembe sita au nane, na nyingine zimechongwa mifereji kuanzia chini hadi juu. Kuna ya Malindi, karibu na Msikiti wa Juma, inayokadiriwa kuwa ya karne ya 15, na kando yake nyingine fupi ya karne ya 19. Kuna ya Mnarani ng'ambo ya hori la Kilifi, mahali ambapo jina lenyewe limebeba neno mnara. Kuna za Gede, Mambrui, Ungwana karibu na mdomo wa Mto Tana, Shanga katika kisiwa cha Pate, na Takwa katika kisiwa cha Manda. Tanzania nayo ina za Kunduchi na Kaole.

Maana ya nguzo hizo imewagawanya wanahistoria. Wapo wanaoona ndani yake ishara ya uume na mamlaka, wengine huzinasibisha na desturi za jamii jirani za bara, na wengine husema ni alama ya heshima tu, ya kuonyesha kwamba aliyelala hapo alikuwa mtu wa daraja. Wote hukubaliana kwamba hazikujengewa kila mtu. Nguzo ilikuwa ya tajiri, mtawala au mwanachuoni. Mvuvi na mkulima walizikwa chini ya kichuguu cha udongo, na labda jiwe moja kichwani na jingine miguuni, mawe ambayo mgeni huyakanyaga bila kujua. Inapolalamikiwa hasara ya makaburi ya kale, basi, inayolalamikiwa ni ile sehemu ndogo iliyobahatika kujengwa. Sehemu kubwa ilikwisha kupotea kabla hata ya mtu kuwazia kuhifadhi.

Adui wa kwanza wa kaburi la mawe ni mti. Mbegu inayodondoshwa na ndege huota katika ufa, mzizi huitafuta chokaa yenye unyevu, na baada ya miaka kadhaa ukuta hupasuka kutoka ndani. Mibuyu na miti ya jamii ya mkuyu ina sifa mbaya zaidi kwa kazi hii. Kinachotatiza ni kwamba mti uo huo ulioubomoa ukuta ndio mara nyingi unaoushikilia usianguke. Mwenye nia njema anayefika na panga na kuung'oa huweza kuuangusha ukuta mzima kwa siku moja. Wahifadhi hupendelea kuukata mti, kuuacha mzizi ufe na kukauka mahali pake, kisha kuziba nafasi polepole.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa baharini huileta, na unyevu wa ardhini huipandisha ndani ya jiwe. Maji yanapokauka, chumvi huganda na kutanuka, nayo hulimega jiwe punje kwa punje. Maandishi huenda mwanzo, kwa kuwa yamechongwa kwenye jiwe laini. Kwa yale makaburi yaliyo hatua chache tu kutoka ufuoni, mathalani lile la Jumba la Mtwana karibu na Mtwapa lenye aya ya Kurani inayohusu kifo, bahari yenyewe ni jirani wa kuogopwa.

Mwanadamu naye ana hila zake. Makaburi mengi ya nguzo yalipambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka Uchina, zilizopachikwa kwenye lipu mbichi. Nguzo ya Mambrui, ambayo iliporomoka katika karne ya 20, ilikuwa na bakuli za enzi ya Ming. Leo katika makaburi mengi kinachoonekana ni matundu ya duara yaliyo matupu. Bakuli nyingine zilianguka na kuvunjika, lakini nyingine zilibanduliwa kwa chuma na watu waliojua kwamba ng'ambo kuna mnunuzi.

Kwamba biashara ya namna hiyo ipo si dhana. Majirani wa makaburi haya, Wamijikenda, wamepoteza mamia ya vigango, ile miti ya kuchongwa ambayo Wagiriama na ndugu zao huisimika kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu. Vigango viliibwa vijijini, vikauzwa kwa watalii na madalali, na vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Familia moja ya Kilifi iliyoibiwa viwili katika miaka ya 1980 ilisaidiwa na picha iliyokuwa imepigwa kabla ya wizi, na watafiti wakavitambua vilikokuwa. Vilirejeshwa kwa sherehe mnamo 2007. Bila ile picha, familia ingekuwa na kisa cha kusimulia tu. Mwenye kaburi la mawe ambalo halijawahi kupigwa picha yumo katika hali hiyo hiyo: bakuli ikibanduliwa leo, hana cha kuonyesha kesho.

Kuna wanaobomoa pasipo kuiba. Jiwe lililokwisha kuchongwa ni mali kwa mtu anayejenga msingi wa nyumba, na kichaka chenye vifusi visivyo na mwenyewe huonekana kama zawadi. Isitoshe, Pwani ni mahali ambapo suala la ardhi halijawahi kutulia. Sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwawezesha watu binafsi kudai na kuandikishiwa mashamba makubwa, huku wengi waliokuwa wakiyalima wakibaki maskwota. Katika mizozo ya aina hiyo, makaburi ya mababu ni miongoni mwa vitu vya mwanzo ambavyo wakazi huvitaja kuthibitisha kwamba walikuwapo. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 63, inatambua ardhi za mababu na maeneo ya ibada za kijadi kuwa sehemu ya ardhi ya jamii.

Maana yake ni kwamba jiwe la kaburi si kumbukumbu tu, bali ni shahidi. Na shahidi huwa na maadui. Anayetaka kiwanja kisicho na vikwazo hupata nafuu kubwa trekta likipita usiku, kwani asubuhi yake panabaki neno la mzee dhidi ya karatasi ya hati. Hapo ndipo pupa ya ardhi inapodhuru kuliko mti na chumvi, ambavyo angalau huchukua miaka.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006, iliyochukua mahali pa ile ya zamani ya mambo ya kale, inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali au jengo kuwa turathi inayolindwa kwa ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baada ya hapo, kuliharibu ni kosa. Lakini ilani huhitaji mahali panapojulikana, palipopimwa na kuelezwa. Kaburi lililo katikati ya mihogo, ambalo hakuna afisa aliyewahi kulifikia, huwa nje ya ulinzi huo kwa sababu ya kutojulikana tu.

Tatizo jingine limo katika mgawanyo wa kazi. Katiba imeiachia serikali ya kitaifa majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Shughuli za makaburi kwa jumla zimewekwa chini ya kaunti, pamoja na huduma za afya. Basi kaburi la karne ya 17 la kijiji kisichosikika ni la nani? Si la kadiri ya Gede hata Nairobi ilishughulikie, wala si la kuzikia tena hata kaunti iliweke katika bajeti ya kufyeka majani. Hubaki baina ya madawati mawili.

Tofauti hudhihirika mtu akisafiri hadi Taita Taveta. Huko Maktau na Taveta kuna makaburi ya wanajeshi waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na mawe yake yamepangwa kwa mstari, majani yamekatwa na majina yanasomeka. Hayana mvua ya kipekee. Yana mwenyewe: tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mnamo 1917 kwa kazi hiyo hiyo. Wapagazi Waafrika waliokufa katika vita hivyo kwa maelfu hawakuwekewa mawe ya aina hiyo, na tume yenyewe ilikiri mnamo 2021 kwamba wengi mno hawakukumbukwa kwa majina. Mawe yanaweza kudumu popote. La muhimu ni nani aliyeamua kwamba aliyelala chini yake anastahili.

Kwa makaburi ya Waislamu kuna mjadala wa ziada ambao si haki kuupuuza. Wapo maulamaa wanaoshikilia kwamba kulijengea kaburi na kulipaka chokaa kumekatazwa, na wanategemea hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Sahihi Muslim. Kwao, kaburi kuporomoka na kurudi udongoni si msiba bali ndiyo hali inayofaa. Wengine huona kwamba kulitunza lililojengwa na wahenga si sawa na kujenga jipya, na kwamba kuvunja ni kuvunjia heshima maiti. Mhifadhi anayeingia kijijini na vifaa vyake bila kuusikiliza mjadala huo hujitafutia lawama. Upo mwafaka ambao pande zote mbili huweza kuukubali bila shida: kulipima, kulipiga picha na kunakili maandishi yake, mambo ambayo hayaongezi jiwe hata moja juu ya kaburi.

Hata pale ambapo familia imekubaliana kutengeneza, hatari haijaisha. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinachoyala makaburi mengi siku hizi ni saruji iliyonunuliwa kwa mchango wa wajukuu. Mjukuu anaona nyufa, anakusanya fedha, anamwita fundi, na fundi anapaka saruji kwa sababu ndiyo anayoijua na ndiyo inayouzwa dukani. Kwa mwaka mmoja au miwili kaburi hupendeza.

Kinachotokea chini ya lipu hiyo ni kingine. Jiwe la matumbawe lina vitundu na hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Chokaa hupumua vilevile, tena ni laini kuliko jiwe, hivi kwamba panapotokea mkazo ni chokaa inayokubali kupasuka na jiwe husalimika. Saruji ni ngumu na huziba. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa njia, hujikusanya nyuma ya lipu, na chumvi hufanya kazi yake gizani. Siku lipu inapobanduka, hubanduka na uso wa jiwe, nakshi na maandishi vikiwa vimeshikamana nayo. Afadhali ufa ulioachwa wazi kuliko ufa ulioziba hivyo.

Chokaa bado inaweza kupatikana Pwani, na mafundi wanaoijua bado wapo, hasa Lamu, ambako nyumba za Mji wa Kale hutengenezwa kwa njia hiyo. Kinachowachosha wengi ni subira yake. Chokaa iliyozimwa vizuri hukaa siku nyingi ndani ya maji kabla ya kutumiwa, hupakwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka hufunikwa kwa magunia mabichi ili isikauke kwa pupa. Kazi ambayo saruji huimaliza kwa alasiri moja huweza kuchukua wiki kadhaa.

Maandishi yana adabu zake pia. Hayasuguliwi kwa brashi ya waya, hayamwagiwi dawa ya kufulia wala tindikali, na herufi hazikolezwi kwa mkaa ili zisomeke. Njia bora ni jua lenyewe. Asubuhi mapema au jioni, miale inapolala, herufi ambazo adhuhuri hazionekani hutupa vivuli na kusomeka, na simu ya kawaida huweza kuzinasa. Picha ya kaburi zima, picha ya kila upande, kipimo cha urefu na upana, mahali lilipo, na jina la aliyezikwa kama wazee wanavyolitaja: hayo yakihifadhiwa mahali pawili tofauti, kuna kinachobaki hata jiwe likienda. Katika makaburi yaliyopakwa chokaa kila mwaka kwa vizazi, maandishi huweza kuwa yamefichika chini ya tabaka nene. Yaachwe humo. Tabaka hizo zimeyaficha, ni kweli, lakini pia zimeyakinga.

Kazi ya kuorodhesha si ngeni. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Thomas Wilson alizunguka pwani ya kaskazini akipima na kuchora magofu, na mnamo 1979 akachapisha uchunguzi wake kuhusu ujenzi wa makaburi ya Waswahili wa eneo hilo. Kwa baadhi ya makaburi, michoro na picha za watafiti wa aina yake ndizo zinazomwezesha mtu wa leo kujua urefu wa nguzo kabla haijakatika. Kasoro ni kwamba kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, zikawekwa katika maktaba za wasomi, na wajukuu wa waliozikwa hawakupata nakala. Shule ya msingi iliyo karibu na kaburi ingeweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa wiki moja ya likizo, na nakala ikabaki kijijini.

Kuna mahali ambapo hayo yote hayakuhitaji kufundishwa. Mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na wenyeji wake wanasemekana kuvuka hadi Shela, katika kisiwa cha Lamu. Nje ya ukuta wa mji huo waliacha kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka wa 1094 wa Hijria, yaani takriban 1683. Watu wa Shela hawakulisahau. Mara mbili kwa mwaka huvuka kwa mashua, wakingoja maji yajae ndipo waweze kupita katika mkondo mwembamba kati ya mikoko, huteremka na kutembea hadi penye nguzo, na hapo husoma dua ya kuomba mvua.